Goti la Kuamkia

Mwaka mama alioishi kwangu mjini, Kihonda, sikuwahi kumaliza chai nikiwa nimekaa. Kazi yangu ni kuhariri vitabu vya shule, kazi ya mtu aliyetulia, nami niliifanya nikiizunguka meza, kalamu mkononi, masikio chumbani kwa mama. Kikidondoka kijiko, nimefika. Akikohoa, nimefika. Mama mwenyewe alinichoka mimi kabla hajauchoka ugonjwa. Alisema nimekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia, na kama lazima nizunguke basi nikazunguke nje, niwaache wagonjwa walale.

Kiharusi kilimkuta shambani, kwetu, milimani juu ya Mkuyuni, akipalilia maharage. Kilichukua mguu wa kushoto na mdomo. Mdomo ulirudi baada ya miezi kadhaa, tena ulirudi na makali yake yote. Mguu ulirudi nusu. Aliweza kusimama na kupiga hatua, ila goti lilikuwa linaachia bila taarifa: anatembea vizuri, mara goti limekunjika, yuko chini. Sakafuni kwangu hilo lilimaanisha kuvimba nyonga na kukandwa maji ya moto. Kwetu, ambako njia ya kwenda mtoni ina korongo upande mmoja, lingemaanisha mazishi.

Na kwetu ndiko alikotaka kurudi, tena kabla ya mvua za vuli. Kaka yake mkubwa, mjomba wangu, alikuwa ametuma maneno kwamba shamba la mama haliwezi kulala msimu mwingine. Aje mwenyewe, aseme kwa mdomo wake kama atalilima au apewe mwingine katika ukoo. Kwetu sisi Waluguru ardhi inapita upande wa mama, na mjomba ndiye anayesema nani alime wapi. Sikumlaumu kwa kusema. Nilimlaumu kwa kutuma watu, kwa sababu tangu mama aanguke hakuwahi kukanyaga nyumbani kwangu hata kwa dakika moja.

Sababu niliijua. Siku ile ya kiharusi mjomba alikuwa ameshuka gulioni. Mimi nilipigiwa simu, nikapanda na bodaboda mpaka njia ilipoishia, nikaomba vijana, tukamlaza mama kwenye machela ya miti na blanketi, tukashuka naye. Kwa mjomba ule ulikuwa wizi. Nimemchukua dada yake bila kumwambia mwenye mtu, na dada yake ameondoka bila kuaga. Sijawahi kumwomba radhi na sikusudii. Ningemngoja amalize kuuza kabichi zake, leo ningekuwa nahadithia habari nyingine.

Basi nikawa na mgonjwa anayetaka kwenda, na mimi nisiyetaka aende. Nasema wazi, sikutaka. Mjini kuna hospitali, kuna umeme, kuna mimi. Lakini mama ukimkatalia jambo hagombi, ananyamaza, na nyumba nzima inakosa hewa. Ndiyo maana mtaalamu wa viungo aliyekuwa akimfanyisha mazoezi alipotuambia kuna watafiti hapo mjini wanajaribu mashine ya kusaidia goti, nilimpeleka mara moja. Nilidhani ataiona, ataiogopa, na habari ya milimani itaishia hapo.

Hakuiogopa. Ilikuwa kitu cha plastiki na mikanda, kinachokumbatia mguu kuanzia pajani hadi karibu na kifundo, na mota ndogo ubavuni mwa goti. Ndani yake kulikuwa na vibandiko vinavyogusa ngozi na kusikiliza misuli. Mhandisi aliyeitengeneza, kijana mwembamba mwenye maneno ya haraka, alitueleza kwamba msuli kabla haujavuta hutoa umeme kidogo sana, na kwamba vibandiko vinaunasa umeme huo na kuupeleka kwenye kompyuta, ambako unaonekana kama mstari unaotetemeka. Kompyuta imefundishwa kwa mifano ya watu wengi: huu ni mstari wa anayetembea, huu wa anayekaa, huu wa ambaye goti linamwachia. Ikiuona huo wa mwisho, mota inalikaza goti papo hapo, na mtu haanguki.

"Kwa hiyo inajua ninachotaka kufanya kabla sijafanya," mama alisema.

"Karibu hivyo, mama."

"Nina binti nyumbani wa namna hiyo. Hii angalau haisemi."

Akaipa jina la mkwe, kwa kuwa hata ikimgusa mguu hawezi kuigombeza, na mkwe hagombezwi. Wakamfunga mkwe wake, akatembea ukumbini kwenda na kurudi. Goti lilipotaka kuachia tulisikia mlio mfupi, mama akabaki wima. Akafanya tena. Wote wakafurahi, nami nikafurahi usoni. Moyoni nilikuwa nimeshaanza kuhesabu wiki zilizobaki kabla ya vuli.

Tulienda huko mara kwa mara, mpaka mama akawa anatembea na mashine nje, kwenye changarawe, hata kwenye mteremko mdogo nyuma ya jengo. Kisha siku moja, tukiwa ukumbini, akapita padri mzee sana aliyekuja kumwona mtu humo ndani. Anatembelea mkongojo, mgongo umepinda. Mama alikuwa katikati ya ukumbi, anatembea peke yake, mikono imelegea vizuri. Akamwona. Akafanya ambacho mwanamke wa kwetu wa umri wake anafanya bila kufikiri: akakunja magoti ashuke kumwamkia.

Mashine ikasikia misuli inalegea, ikaona goti linakwenda chini, ikaamua kwamba mama anaanguka. Ikakaza. Mguu mmoja ukashuka, mwingine ukagoma, mama akayumba upande na kuegemea ukuta, amesimama wima kama mti mbele ya mzee wa watu. "Shikamoo baba," alisema, akiwa amenyooka hivyohivyo. Padri aliitikia vizuri tu, akapita zake. Sidhani kama aliona chochote.

Mama aliona. Alikaa kwenye benchi akaanza kufungua mikanda mwenyewe.

"Imenifanya mwenye kiburi," alisema.

"Mama, ni mashine tu."

"Nitafika kwa kaka yangu mimi, mwaka mzima hatujaonana, nimsimamie kama askari? Ni heri nikatambae."

Mhandisi alikuwa amepiga magoti miguuni kwake akimsaidia mikanda, uso umemwiva. Alisema mifano waliyoifundishia ile programu ilitoka kwa watu wanaotembea, wanaokaa, wanaopanda ngazi. Hakuna aliyekumbuka kurekodi mtu anayeamkia. Na yeye mwenyewe, alisema, bibi yake yuko hai na humwamkia kila akienda kwao. Kupinda goti halikuwa jambo alilolihesabu kuwa mwendo.

Nilipaswa kufurahi. Mama alikuwa amesema kwa kinywa chake kwamba haendi na ile mashine, na bila mashine hakuna kwenda. Tulirudi nyumbani, akakaa na kile kimya chake. Alikaa nacho siku hiyo, kesho yake, na iliyofuata. Nilifua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Nilipanga upya vyombo. Mwisho nikampigia simu mhandisi mimi mwenyewe, na hata leo sijui vizuri kwa nini, nikamuuliza kama mashine inaweza kufundishwa kuamkia.

Inaweza, alisema, ila inahitaji mifano mingi, na mizuri zaidi ni ya mama mwenyewe.

Tukarudi. Walizima ile nguvu ya kukaza, mashine ikawa inasikiliza tu, na mtaalamu wa viungo akamshika mama mkanda wa kiunoni asije akaanguka. Mhandisi akakaa kwenye kiti cha plastiki mwisho wa ukumbi ili aamkiwe. Mama akamtazama.

"Nimwamkie huyu? Mtoto wa juzi?"

"Jifanye tu, mama."

Alijifanya. Alicheka, akabonyeza goti kidogo, uzito wote kauweka kwenye mguu mzima. Mstari wa paja la kushoto ukabaki umelala. Wakajaribu na mwingine, na mwingine tena, wote watu wa ofisini, wote wadogo kwake. Mama alikuwa anaigiza, na msuli ulijua kwamba anaigiza. Mhandisi alikuna kichwa, akasema kwa mstari hafifu namna hiyo programu haitaweza kutofautisha maamkizi na kuanguka.

Nikasema nitaleta wazee. Mimi na kutafuta, niachieni. Nilizunguka mtaani kwetu wote, na hapo ndipo nilipogundua tunaishi katika mtaa wa namna gani. Ni wapangaji, wenye maduka, walimu, watu wa viwandani. Kila asubuhi mama alikaa barazani na kuitikia marahaba, marahaba, marahaba, mpaka sauti inakauka, na yeye hakuwa na wa kumwamkia hata mmoja. Babu mmoja alikuwa kitandani hatoki. Mwingine nilimleta hadi barazani kwa heshima zote, na mama akamhoji kwao wapi, alisoma wapi, na akina nani, kisha akatangaza kwamba yeye ndiye aliyemwacha huyo darasa la pili. Mzee wa watu akalazimika kumwamkia yeye.

Alibaki mmoja. Nilipanda gari la Mkuyuni nikiwa na hasira tayari, za kuanzia.

Nilimkuta mjomba kwenye matuta ya karoti, ameinama. Nikapiga goti pembeni ya tuta. "Shikamoo mjomba." Aling'oa karoti, akaipukuta udongo, akaiangalia, ndipo akasema marahaba. Hakuniambia nikae. Nikamweleza habari yote nikiwa nimesimama, mashine, padri, mtaa usio na wazee, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoona jinsi inavyosikika.

"Kwa hiyo nishuke mjini," alisema, "nikakae kwenye kiti, niamkiwe na mashine."

"Na mama, mjomba. Mashine inasikiliza tu."

"Huyo mama yako alipoondoka hapa aliona nina masikio?"

"Alikuwa amezimia."

"Wewe ulikuwa umezimia?"

Ningejibu, tungefika mbali. Nilishuka ule mlima nikiongea peke yangu, nikamjibu yote ambayo sikumjibu, nikayarudia kwa sauti zaidi, mpaka mama mmoja aliyebeba ndizi akanipisha njia. Nyumbani sikumwambia mama nilikokuwa. Aliangalia udongo kwenye viatu vyangu na hakuuliza.

Siku ya zamu yetu iliyofuata tulimkuta mjomba ameketi kwenye benchi la nje ya jengo, amevaa koti lake la kanisani, na kando yake kiroba cha njegere. Hakueleza amefikaje wala kwa nini amebadili nia. Mama hakumkaribia. Alimwangalia kwa mbali, akaingia ndani moja kwa moja, akasema mkwe afungwe.

Mjomba akakalishwa kwenye kile kiti cha plastiki. Mama akaanzia mwisho wa pili wa ukumbi. Mimi nilitakiwa nikae, nikashindwa, nikasimama nyuma ya mhandisi na kuitazama kompyuta badala ya kuwatazama wao. Nikaona mstari wa hatua za mama, juu, chini, juu, chini. Kisha hatua zikasimama, na mstari wa paja la kushoto ukainuka, ukatetemeka kwa nguvu ambayo sikuwahi kuiona kwenye mguu ule.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba."

Alikuwa ameshuka kweli, magoti yote mawili, na anainuka polepole, mtaalamu wa viungo akiwa ameshika mkanda bila kuuvuta. Mhandisi alinong'ona kwamba huo ndio wenyewe. Akaomba warudie. Mama akarudi mwanzo wa ukumbi, akaja tena.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umekonda."

Wakarudia.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Ndio mguu wenyewe huo?"

"Ndio huo."

Mhandisi hakuelewa kinachotokea. Yeye alikuwa anataka mifano, na kila mfano ukimpendeza aliomba mwingine. Kwa hiyo watu wawili ambao mwaka mzima hawakupeana hata salamu wakawa wanaamuriwa wasalimiane, wakapumzika kunywa maji, wakasalimiana tena. Kila mara mjomba aliongeza neno kidogo. Karoti zimekubali. Paa la jikoni kwako limevuja. Halafu, mama akiwa bado yuko chini, akasema, "Marahaba. Hukuniaga."

Mama hakuinuka. "Mdomo ulikuwa umekwenda upande, kaka. Ningekuaga na nini?"

Mjomba aliuangalia mdomo wake, ule upande ambao hata sasa huwa unachelewa kidogo akicheka. Kisha akasimama, akamshika mama kiwiko, akamwinua. Mhandisi akamwomba kwa adabu mzee akae, maana akimsaidia mfano unaharibika. Mjomba akamwambia aharibikiwe.

Baadaye, mama na mjomba wakiwa nje wanamenya njegere mbichi na kuzila, mtaalamu wa viungo aliniita kwenye kompyuta. Aliweka mistari miwili, mmoja juu ya mwingine. Wa chini ni siku mama alipomwamkia mhandisi. Wa juu ni wa leo. Sikuhitaji kuelezwa, lakini alinieleza. Msuli wa paja ambao walikuwa wakiubembeleza kwa mazoezi muda wote huo, leo umefanya kazi yake. Zoezi ni hili, alisema. Afanye kila siku, mara nyingi kadiri anavyoweza, na mashine ikimlinda. Lakini si la kuigiza.

"Nyumbani anamwamkia nani?" aliniuliza.

Nilitaka kusema mimi niko, nitamfanyisha, niko nyumbani kutwa. Ningeweza kumpikia mama, kumwogesha, kumbeba mgongoni ikibidi, kuacha kazi. Kitu kimoja nisichoweza ni kuwa mkubwa wake. Niliumia, na wivu ulinishika, wivu wa kitoto kabisa, wa kumwonea mzee mwenye koti la kanisani.

"Hana mtu," nilisema. Nikatoka nje nikazunguka lile jengo.

Walichukua wiki kadhaa kuifundisha programu na kuiweka ndani ya mashine yenyewe. Mashine ikajua: hii ni kuanguka, kaza, hii ni kuamkia, legeza, kisha msaidie kuinuka. Mhandisi alitoa na betri ya akiba, na kisahani cha sola cha kuichajia. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya milima kila jioni tulipofunga safari.

Kutoka mwisho wa bodaboda mama alipanda kwa miguu yake. Nilikuwa nyuma, mikono mbele, tayari kudaka. Tulienda taratibu mno, si kwa sababu ya mguu. Kila kona ilikuwa na mkubwa wake. Bibi anayeanika iliki, mama akashuka, shikamoo, mota ikalia kidogo, akainuka. Babu aliyekaa mlangoni na redio. Shangazi wa marehemu baba, kipofu, ambaye hata asingejua kama goti limepindwa au la, na mama akashuka hadi chini vilevile. Mimi nilisema tutachelewa. Nilisema mvua hiyo. Hakuna aliyenisikiliza. Nilimwona mama anavyonyanyuka kila mara, uso unang'aa jasho, na nikaona furaha ambayo mwaka mzima kwangu sikuiona, naye alikuwa anacheka.

Kwa mjomba tuliwakuta watu wa ukoo wamekaa uani. Mama aliamkia, akasema shamba atalilima, mjomba akasema haya. Jambo lote lilichukua muda mfupi kuliko kufunga mkanda mmoja wa ile mashine.

Nilikaa mpaka nikawa sina kisingizio. Nilimwonyesha binamu yangu jinsi ya kuchaji betri, nikamwonyesha tena, akaniambia amesikia. Nilikagua paa la jikoni. Nilikagua kitanda. Mama alinisindikiza hadi mwanzo wa njia ya kushuka, akasimama hapo na mguu wake, mimi naendelea kumkumbusha vidonge vya presha, saa za kuvimeza, chumvi apunguze.

Kwangu, asubuhi zote zile, shikamoo yangu ilikuwa ya mlangoni, kalamu mkononi, nusu nimeshageuka. Safari hii nilipiga magoti, yote mawili, kwenye udongo wa njia, nikainamisha kichwa. "Shikamoo mama." Nilikaa hapo chini. Mwili mzima ulitulia, ukakataa kuondoka.

Aliniwekea mkono kichwani.

"Marahaba," alisema. "Inuka sasa, gari litakuacha."